Magunia mawili kwenye mizani: kisa changu na kijana wangu

Jumanne moja ya Novemba, saa nne asubuhi, kijana wangu wa kwanza alileta magunia mawili ya korosho kwenye ghala la chama chetu cha msingi cha ushirika. Kwenye mizani nilikuwa mimi, baba yake. Nilipima la kwanza: kilo 81 pamoja na gunia lake la katani. La pili vivyo hivyo. Korosho zilikuwa nzuri, kavu, ukizitikisa kiganjani zinalia. Nikaandika daraja la kwanza, nikainua macho nikisubiri mengine yashushwe. Hayakuwepo.

"Mengine yako wapi?"

"Ndiyo hayo, Baba."

Kijana huyu nilimpa mikorosho sitini alipomaliza kidato cha nne, upande wa bondeni, na mti mmoja mmoja naujua. Msimu mzuri inatoa magunia matano, ikibarikiwa sita. Mwaka huo salfa ilipatikana na tuliipuliza kwa wakati. Hesabu haikukubali. Mbele ya wapakiaji wanne, wakulima waliokuwa kwenye foleni na karani mwenzangu, nikasema kwa sauti: "Kikulacho ki nguoni mwako. Kumbe mwizi wangu nalala naye nyumba moja."

Ghala lilinyamaza. Akachukua karatasi yake ya mizani, akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati, akatoka. Pikipiki hakuiwasha. Aliisukuma kwa mkono kwenye mchanga hadi barabarani, kama mtu anayeondoka msibani, na ilipokuwa mbali ndipo nikasikia inawaka.

Naandika kisa hiki chote kwa sababu nilikuwa na kila kitu cha kunizuia kufanya nilichofanya siku ile. Nilikuwa na dini. Nilikuwa na kazi ya haki. Na nilikuwa na daftari ambalo kila wiki nilijihesabu ndani yake. Majina nayaacha, maana wote wako hai na kijiji kinawajua.

Kwanza niseme kuhusu daftari. Tangu 2016 nina desturi ya kukaa sebuleni kila Alhamisi baada ya Isha na kaunta buku langu, nikaandika wiki ilivyokwenda. Kila ukurasa nimeugawa sehemu tatu: nyumba, ibada, kazi. Nilianza baada ya kusikia darsani kauli ya Sayyidna Umar kwamba tujihesabu nafsi zetu kabla hatujahesabiwa, na aya ya Sura Al-Hashr inayoitaka kila nafsi itazame imetanguliza nini kwa ajili ya kesho. Watoto walikua wakijua kwamba Alhamisi usiku Baba hasumbuliwi. Mama yao aliwanyamazisha, redio ikapunguzwa, na mimi nikaandika. Nililiheshimu sana daftari lile, na bado naliheshimu. Ila kuna jambo lilinificha, au mimi nilijificha ndani yake, na ndilo nitakalolifikia.

Kazi yangu ni ukarani wa mizani, msimu wa tisa sasa. Kwa asiyeijua Tandahimba, wilaya yetu mkoani Mtwara, maisha yetu yamefungwa kwenye mti mmoja. Mvua zikiisha tunapalilia. Mei na Juni mkorosho unapotoa majani machanga na maua, tunapuliza salfa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, na tunarudia mara kadhaa hadi maua yapite. Septemba mabibo yanaanza kudondoka, tunaokota, tunatenganisha korosho na bibo lake, tunaanika. Oktoba minada inafunguliwa. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kwenye korosho msimu wa 2007/08, na mimi ni mmoja wa wanaoutetea. Korosho inapimwa chamani, inakwenda ghala kuu, inauzwa mnadani kwa wanunuzi wanaoshindana, na fedha ya mkulima inaingia benki. Wazee wetu walisimama peke yao mbele ya mnunuzi mmoja aliyeamua bei. Nimekua nikiliona hilo, na sitaki lirudi.

Lakini kalenda ya mti na kalenda ya shule haziendi pamoja. Kidato cha tano wanaripoti Julai. Julai mkulima ameshatoa chake chote kwenye palizi, vibarua na mafuta ya pampu ya kupulizia, na fedha mpya haitaonekana mpaka Oktoba iishe, pengine Novemba. Ndani ya pengo hilo ndimo anamoishi mtu wa kangomba. Anakuja nyumbani kwako jioni, anajua una shida gani hata kabla hujamwambia, anakupa fedha taslimu kwa korosho zilizo bado maua. Bei ni yake, kipimo ni chake. Mwaka 2018, Serikali iliponunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo ya daraja la kwanza na wanajeshi wakaja kuzisomba, watu wa kangomba walisakwa kwa uhakiki wa mashamba: mtu aliyeleta shehena kubwa aliambiwa aoneshe mikorosho iliyozaa korosho zile. Walipungua. Hawakuisha, kwa sababu pengo la Julai halikuisha.

Mimi nimeisema kangomba kwa miaka yote tisa, kwenye mikutano ya chama na hata msikitini. Lishikeni hilo, maana kisa kinageukia hapo.

Jumatano, siku moja baada ya tukio la ghalani, shemeji yangu alifika baada ya Alasiri. Ni kaka wa mke wangu. Kwetu Wamakonde ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana sauti juu ya watoto wa dada yake ambayo baba hawezi kuizima hata akitaka. Alivua viatu, akakaa mkekani, chai akaikataa. Mjomba akikataa chai jua kuna neno.

"Shemeji," akaniambia, "mtoto umemwita mwizi mbele ya watu. Nimekuja uniambie kaiba nini."

Nikamweleza hesabu ya mikorosho na magunia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja: "Julai mwanao wa kike alikwenda shule na nini?"

Binti yangu alichaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni, mkoa wa mbali. Tulifurahi nyumba nzima. Ada ya kidato cha tano na sita ilishafutwa mwaka 2022, na mimi kichwani mwangu nilikuwa nimeshamaliza: ada hakuna, basi mtoto anakwenda. Fomu ya kujiunga ilikuja na orodha yake. Godoro, shuka jozi mbili, ndoo, jembe, kwanja, rimu za karatasi, sare, viatu, vifaa vya maabara, michango, na nauli ya safari ndefu juu yake. Mke wangu alipiga hesabu, ikafika shilingi 450,000. Nilitoa 50,000 niliyokuwa nayo, nikasema Mungu atafungua njia, nikaondoka kwenda kusimamia vibarua wa salfa. Mke wangu alikuwa na 40,000 za upatu. Siku nne baadaye niliambiwa vitu vyote vimepatikana. Nikasema Alhamdulillah.

Sikuuliza 360,000 zilitoka wapi.

Zilitoka kwa mtu wa kangomba. Kijana wangu alizichukua kwa ahadi ya kilo 300, kila kilo shilingi 1,200. Alimwambia mama yake kwamba ni za tajiri mwenye pikipiki anayobebea abiria, na kwamba atakatwa kidogo kidogo kwenye hesabu ya kila siku. Mama akaamini, kwa sababu kijana kweli alianza kutoka alfajiri na kurudi saa nne usiku. Alikuwa anajaribu kukusanya fedha ili airudishe kabla ya msimu, asije akatoa korosho hata moja. Hakufanikiwa. Abiria wa Julai na Agosti ni wachache, watu hawana fedha. Mvuno ulipoanza, akapeleka kilo 220, akizitoa shambani usiku. Zilibaki kilo 80. Gunia hilo lilikuwa kwa bibi yake, nyuma ya kihenge, likimsubiri mwenyewe aje alichukue. Mjomba alijua yote tangu Agosti. Alikuwa ameombwa asiseme.

Nilichomjibu shemeji si cha kujivunia. Nilimwambia: "Na wewe ukanyamaza? Ukamwacha mtoto aingie kangomba?" Nilikuwa natafuta mtu wa kumpa sehemu ya mzigo. Yeye alikuwa mtulivu. "Nilimwambia akuambie. Akaniuliza nimwambie Baba yupi, yule wa nyumbani au yule wa msikitini?"

Ni hivi. Septemba, baada ya sala ya Ijumaa, imamu alinipa nafasi nitangaze habari za chama, siku ya kufungua ghala na mambo ya magunia. Nilitangaza, kisha nikaongeza la kwangu. Nilisema anayeuza kangomba anaiuza imani yake kwa bei ya maua. Watu waliitikia. Kijana wangu alikuwa safu ya tatu, karibu na nguzo. Nakumbuka alikuwepo kwa sababu nilijisikia vizuri kwamba mwanangu ananisikia.

Alhamisi usiku nilifungua daftari kama kawaida. Kalamu haikuandika. Nikarudi nyuma, nikasoma kuanzia wiki ya kwanza ya Julai hadi wiki ile ya Novemba, wiki kumi na tisa. Nanukuu machache kama yalivyo, maana huo ndio ushahidi wa kisa hiki.

Julai, sehemu ya nyumba: "Mtoto ameondoka kwenda shule salama. Mwenyezi Mungu ametufungulia njia."

Agosti: "Kijana anarudi usiku mno. Nimemkanya. Vijana wa pikipiki wana mambo yao."

Septemba: "Nimezungumza msikitini juu ya kangomba. Watu wamepokea."

Oktoba: "Kijana amekuwa mkimya siku hizi. Ametulia. Namshukuru Mungu, anakua."

Huo wa Oktoba niliusoma mara nyingi usiku ule. Mtoto alikuwa anabeba korosho gizani, halali vizuri, haniangalii usoni, na mimi nikaandika kwamba ametulia, nikamshukuru Mungu kwa hilo.

Kisha nikafanya kama ninavyofanya kwenye vitabu vya chama: nikahesabu. Ndani ya wiki kumi na tisa kijana wangu ametajwa mara kumi na nne. Nimemwambia, mara sita. Nimemtuma, mara nne. Nimemkanya, mara tatu. Nimempa, mara moja, nayo ilikuwa fedha ya mafuta ya pampu. Neno "nimemuuliza" halipo. Nikarudia nikidhani limenipita. Nikafungua na mwaka wa nyuma, kurasa za Januari hadi Machi, nikachoka, nikaacha.

Sasa nije kwenye uchambuzi wenyewe, na nianze na kijana, ili nisionekane namfunika.

Alikosea. Kwa kilo 300 alipata 360,000. Hata tukikadiria bei ya mnadani kwa shilingi 3,000 tu, kilo zile zilikuwa 900,000. Kwa ahadi ile nyumba yetu ingepoteza zaidi ya nusu milioni, na fedha ile ndiyo ingemrudisha mdogo wake shule Januari bila wasiwasi. Tena alimdanganya mama yake, na uongo kwa mama si jambo dogo hata ukiwa na nia njema. Na kangomba haimuumizi anayeuza peke yake. Korosho inayopita gizani hainunuliwi kwa ushindani, na anayezinunua kwa bei ya chini anakuja kuzichanganya na kuziuza kama mkulima, kwenye mizani ile ile ninayoisimamia mimi. Haya nimemwambia, na aliyakubali kabla sijamaliza sentensi.

Lakini mwizi hakuwa. Mikorosho ilikuwa yake, nilimpa kwa mkono wangu mbele ya mjomba wake. Alichofanya ni kuuza chake ili kulipa deni ambalo kwa haki lilikuwa langu. Nikilitazama hivyo, sioni neno la kumwita isipokuwa mtoto aliyebeba kazi ya baba, akaibeba vibaya kwa sababu aliibeba peke yake.

Kwa upande wangu naona makosa matatu, na hayana uzito sawa.

Dogo kuliko yote ni kwamba nilikuwa karani wa mizani na mzazi kwa wakati mmoja, na sikuwahi kuona tatizo hapo. Miaka yote korosho za nyumbani kwangu nimepima mwenyewe. Sikuwahi kuongeza hata robo, Mungu ni shahidi, lakini siku ile nilitumia kiti cha umma kumaliza jambo la nyumbani. Aibu niliyompa haikuwa ya baba kumkemea mwanawe uani. Ilikuwa aibu ya chama kumtangaza mkulima mwizi.

La pili ni neno "Mungu ametufungulia njia". Neno hili nalipenda na nitaendelea kulisema. Ila Julai ile nililitumia kama kifuniko. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwambia mwenye ngamia amfunge kisha ategemee. Mimi sikufunga chochote. Nilitegemea, nikaondoka, na njia ilipofunguka sikutaka kujua imefunguliwa na nani wala kwa gharama gani. Mwanamume mwenye nyumba anayeona godoro jipya, shuka, sare na viatu vya shilingi laki tatu na sitini ambazo hakuzitoa yeye, asiulize, huyo hajashukuru. Amekwepa. Nilijua moyoni kwamba nikiuliza nitaambiwa neno litakalonitaka nitoe fedha ambayo sina.

Kubwa ni la mizani. Aya za mwanzo za Sura Al-Mutaffifin nimezihifadhi kwa sababu ya kazi yangu. Ole wao wapunjao, ambao wakijipimia kwa watu hutaka watimiziwe, na wao wakiwapimia watu hupunguza. Miaka tisa nimezisoma nikifikiria korosho. Nimesimama na wakulima wasiojua kusoma, nimewaonesha mshale wa mizani kwa kidole, ili asiwepo wa kusema karani kampunja. Alhamisi ile ndipo nilipoelewa kwamba nyumbani nilikuwa mpunjaji. Kutoka kwa kijana wangu nilidai nitimiziwe: heshima kamili, kazi kamili, taarifa kamili ya kila gunia. Nami nilipompimia sikio langu, nilipunguza. Ningeambiwa kwamba kuna mkulima nimempunja kilo tano, nisingelala. Huyu nilimpunja wiki kumi na tisa, nikalala, tena baada ya kuandika daftari.

Kuna atakayesema kwamba vijana siku hizi hawasemi, hata ukiuliza. Hilo nimelifikiria sana na siliafiki. Kwa mjomba alisema. Alikaa naye chini ya mwembe saa mbili nzima mwezi Agosti akamwaga kila kitu. Mdomo alikuwa nao, alichokosa ni pa kusemea. Niliumia kwamba mjomba alijua kabla yangu, na wapo Waislamu wenzangu wanaoniambia desturi hii ya ujomba imepitwa na wakati, baba ndiye mchunga wa nyumba. Mimi nasema namshukuru Mungu kijana alikuwa na mjomba. Bila yeye, jambo hili lingemkalia kifuani peke yake, na sijui lingemfikisha wapi.

Ijumaa baada ya sala nilimwendea imamu, nikamweleza bila kupunguza. Ni mzee wa maneno machache. Alinifungulia Sura As-Saffat, aya ya 102, akaniambia nisome. Ni pale Nabii Ibrahim anapomwambia mwanawe kwamba ameona usingizini anamchinja. Nilisoma mpaka akanizuia kwa kidole. "Hapo. Kamwambia nini?"

"Basi angalia wewe, waonaje?"

"Amri imetoka kwa Mola," akasema imamu, "haina mjadala. Na bado baba anamuuliza mtoto waonaje. Wewe amri yako ilikuwa ipi kubwa kuliko hiyo?"

Sikuwa na jibu. Aya hii nimeisikia kila Idi ya kuchinja tangu nikiwa mtoto, nikisubiri habari ya kondoo.

Tulichofanya baada ya hapo nakieleza kwa kifupi. Jumamosi nilikwenda ghalani mapema, nikamwomba mwenyekiti wa chama tuzungumze pembeni, nikamwambia kila kitu, na kwamba yuko huru kuniondoa kwenye mizani. Hakuniondoa. Alikubali ombi langu moja, kwamba kuanzia siku ile korosho za nyumba yangu apime karani mwingine na mimi nitoke nje zinapopimwa. Mtu wa kangomba nilimfuata mwenyewe. Kilo 80 zilizobaki hatukumpa. Nilimrudishia 96,000, fedha yake halisi ya kilo hizo, niliyoikopa kwa shemeji. Alilalamika kwamba ahadi ni ahadi, nikamwambia ahadi ya gizani tunaimalizia mchana. Alizihesabu, akaondoka.

Jumatatu kijana alileta lile gunia lililokuwa kwa bibi yake. Wapakiaji walikuwa wale wale wanne, nilihakikisha. Kabla halijapandishwa kwenye mizani nikasimama katikati ya ghala na kusema kwamba wiki iliyopita, mahali hapa, nilimwita mwanangu mwizi, na si kweli, na namwomba radhi mbele ya waliosikia. Sauti ilinitoka vibaya. Mmoja wa wapakiaji, mtu mzima, alivua kofia. Kijana hakujibu. Aliinama, akashika pembe mbili za gunia, mwenzake akashika nyingine, wakalipandisha. Mimi nikatoka nje kama tulivyokubaliana na mwenyekiti. Kupitia mlangoni nikasikia karani mwenzangu anasoma: "Themanini na moja."

Jioni alinikuta nanawa miguu uani. "Shikamoo, Baba." "Marahaba, mwanangu." Akaniuliza kama pampu ya kupulizia nimeiosha kabla ya kuiweka stoo, maana salfa inakula mpira. Nikamwambia bado. Tukaiosha pamoja, yeye anamimina maji, mimi nasugua. Hatukuzungumza lolote zaidi ya hiyo pampu.

Daftari la Alhamisi lipo, ila sasa linakaa katikati ya mkeka. Redio inazimwa, hakuna anayenyamazishwa. Tunaanza na mama watoto, kwa sababu tuligundua mimi nikianza wengine wote wanakubaliana na mimi. Naandika walichosema wao kabla ya changu. Sitasema kwamba ilikuwa rahisi. Wiki ya kwanza tulikaa kama wageni, mtoto wa mwisho akasinzia. Kijana alisema, "Mimi sina la kusema, Baba," nikaandika hivyo hivyo: hana la kusema. Wiki ya pili vilevile. Wiki ya tatu mama yake alisema kwamba tangu Julai amekuwa akiumwa mgongo na hajamwambia mtu, na mimi ninayelala naye kitanda kimoja nikawa nasikia kwa mara ya kwanza. Ni hapo kijana alipofungua mdomo. Alisema pikipiki ya tajiri imemchosha, anataka kubaki shambani, anataka tupogoe mikorosho ya zamani na kupanda miche mipya ya kituo cha utafiti cha Naliendele upande uliokufa, na kwamba wazo hili analo mwaka wa pili. Mwaka wa pili! Nimekuwa nikimtafutia mtu wa kuirithi kazi ya shamba, na yuko mbele yangu.

Kuhusu pengo la Julai, waliopata ufumbuzi ni yeye na mama yake. Mikorosho kumi na miwili iliyo karibu na tangi la maji ya mvua tumeitenga. Inaitwa mikorosho ya Julai. Korosho zake zinapimwa kwa jina la mama watoto, fedha inaingia akaunti yake, na haiguswi mpaka fomu za shule zitoke. Hiyo si dawa ya kila mkulima wa Tandahimba, najua. Wapo wenye miti kumi na miwili jumla. Kwenye mkutano wa chama nimeomba tujadili namna ya kumsaidia mwanachama mwezi wa saba, badala ya kumsubiri Oktoba na kumuuliza korosho zako ziko wapi. Na msikitini nilipopewa tena nafasi, kangomba nimeisema kama zamani, ila safari hii nikaongeza kwamba mwenye shida aje kwangu, hata kama ameshachukua fedha, tuone la kufanya. Wamekuja watu watatu. Mmoja ni wa umri wangu.

Desemba binti alirudi likizo. Alikuwa na maneno mengi, shule, marafiki, bweni lenye baridi, na godoro lake zuri kuliko ya wenzake. Kijana alikuwa anakula, akasimamisha mkono. Mama yake akanitazama. Usiku nilimwita kijana pembeni, nikamuuliza: waonaje, aambiwe au asiambiwe? Alifikiri kwa muda mrefu. Akasema ataambiwa, lakini atamwambia yeye mwenyewe, na mimi nisiwepo.

Kesho yake asubuhi walikwenda wawili bondeni kuokota korosho za mwisho. Walirudi adhuhuri na ndoo mbili, dada mbele, kaka nyuma. Macho ya binti yalikuwa mekundu na alikuwa amebeba ndoo iliyo nzito zaidi, kaka yake anajaribu kumnyang'anya, anakataa. Alhamisi ile kila mmoja alisema lake, na wao wawili hawakuligusa hilo. Nikageuza ukurasa, nikaacha mistari mitatu mitupu, nikaendelea na habari za ghala.